Anayekusaidia Asiwe Anayekuhukumu: Niliyojifunza Katika Kuwalea Wahadhiri

Chuo kikuu cha umma humwajiri mtu kwa sababu ya shahada yake ya uzamivu, kisha humkabidhi kazi ambayo sehemu kubwa yake hakuisomea. Miaka yote ya uzamivu amezoezwa kuchimba jambo moja hadi mwisho wake. Akifika kazini anakuta ukumbi wenye mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ratiba iliyopangwa kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta msimamizi. Hakuna anayekaa naye kumwonyesha namna ya kutunga mtihani wa watu mia nne unaopima uelewa badala ya kumbukumbu. Imezoeleka kuamini kwamba anayelijua somo anajua pia kulifundisha.

Nilianza kama mhadhiri wa kawaida, nikawa mkuu wa idara, na baadaye nikapewa kusimamia kitengo cha kuwaendeleza wahadhiri katika chuo cha umma. Nayaandika haya kwa wenzangu wanaoanzisha vitengo vya namna hiyo, na hasa kwa wakuu wa idara ambao hawana kitengo chochote lakini wanao wahadhiri wachanga wanaowategemea. Nikiulizwa jambo moja tu ambalo kazi hii imenifundisha, nitalitaja hili: anayemsaidia mhadhiri asiwe ndiye anayemhukumu, wala asiwe anayempelekea habari yule anayehukumu. Karibu kila kitu nilichokiona kikifaulu kilitegemea hilo.

Kitengo nilichokirithi kilikuwa chini ya ofisi ileile iliyoshughulikia ajira na vyeo. Warsha zilifanyika, karatasi za mahudhurio zilisainiwa, vyeti vilitolewa. Waliokuja walikuwa wa aina mbili: wanaopenda kufundisha na wangejiendeleza hata bila sisi, na waliohitaji cheti cha kuambatisha kwenye faili la kupandishwa cheo. Yule ambaye darasa lake lilikuwa limemshinda, anayelala akiwaza kesho atasimamaje mbele ya wanafunzi wasiomsikiliza, hakuonekana. Na kwa nini aonekane? Mfanyakazi haonyeshi kidonda chake kwa mtu mwenye mamlaka ya kumwachisha kazi. Akiwa bado katika kipindi cha majaribio, kukiri kwamba darasa halieleweki ni kujitengenezea ushahidi dhidi yake.

Tulichofanya kilikuwa kazi ya maandishi zaidi kuliko kazi ya fedha. Tuliandika kanuni fupi: kitengo hakitatoa taarifa ya mhadhiri yeyote mmojammoja kwa mkuu wa idara, kwa amidi, wala kwa kamati ya vyeo, hata taarifa ikiwa nzuri. Maneno hayo ya mwisho yaliwakera watu. Wahadhiri wengine walitaka tuwaandikie barua za sifa. Lakini barua ya sifa ikiruhusiwa, anayeikosa anakuwa amekwisha kuhukumiwa kwa ukimya wetu. Tulishikilia hivyo hivyo, seneti ikaipitisha, na ofisi yetu ikahamishiwa jengo ambalo mtu hahitaji kupita mbele ya mlango wa utawala ili kulifikia. Mlango una uzito wake. Mwenzangu mmoja wa idara ya sayansi alinieleza baadaye kwamba alikuwa amelipita jengo letu la zamani mara nyingi bila kuthubutu kuingia, kwa kuwa katibu wa amidi angemwona.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Njia iliyotufaa kuliko zote si yetu. Ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Washington, nchini Marekani, na D. Joseph Clark na Mark Redmond waliieleza katika ripoti ya mwaka 1982. Katikati ya muhula, si mwishoni, mhadhiri anaalika mtu kutoka kitengoni. Anamtambulisha kwa wanafunzi, kisha anatoka nje. Mgeni anawagawa wanafunzi katika makundi madogo na kuwauliza mambo machache: nini kinawasaidia kujifunza katika kozi hii, nini kinawakwamisha, na wangependekeza kibadilishwe nini. Kila kundi linakubaliana kwanza lenyewe, ndipo majibu yanaandikwa ubaoni na darasa zima linaulizwa kama linayakubali. Hapo ndipo njia hii inapolizidi dodoso, ile fomu ambayo wanafunzi huijaza mwishoni mwa muhula kumpa mwalimu alama. Mwanafunzi mmoja mwenye hasira akisema jambo na wenzake wakalikataa, halibaki ubaoni. Shughuli nzima huchukua kama nusu saa.

Kinachofuata ni mazungumzo ya faragha kati ya mgeni na mhadhiri. Nimekaa katika mazungumzo hayo mara nyingi, na nimejifunza kuanza na yale yanayowasaidia wanafunzi, nikiyasoma yote, taratibu, bila kuruka. Mhadhiri aliyekuja akiwa na hofu huwa hayasikii. Anangoja pigo. Lazima yarudiwe. Nakumbuka mwalimu mmoja wa hisabati, mtu mzima aliyenizidi umri, aliyenikatiza: "Mwalimu, niambie mabaya kwanza." Nikamwambia kwa heshima kwamba wanafunzi wake hawakuanza na mabaya, nami sitaanza nayo. Wanafunzi wale walikuwa wameandika kwamba wanapenda anavyofanya swali zima ubaoni bila kuruka hatua, na wanaomba tu asifute kabla hawajamaliza kunakili.

Nataka wasomaji walitilie maanani ombi hilo, kwa sababu ndivyo maombi mengi yalivyo. Watu wanaoogopa sauti ya wanafunzi hudhani wataombwa kurahisisha mitihani. Kwa niliyoyaona, wanafunzi wanapokaa kwa makundi na kulazimika kukubaliana, huomba mambo ya kawaida kabisa: mfano mmoja kamili kabla ya zoezi, kazi zirudishwe zikiwa zimesahihishwa kabla ya jaribio linalofuata, mwalimu aseme mwanzoni mwa kipindi wanaelekea wapi, wanaokaa nyuma wasikie. Hatua ya mwisho ni mhadhiri kurudi darasani na kueleza atabadilisha nini, hatabadilisha nini, na kwa sababu gani. Mhadhiri asiyerudi na majibu huliacha darasa likiwa na kinyongo kuliko asingeuliza kabisa, kwa hiyo hatukubali kwenda kwa mtu ambaye hajaahidi hatua hiyo.

Suala la wanaokaa nyuma lilitufungulia jambo ambalo sikulitarajia. Kanuni ya siri inakataza kumtaja mtu. Haikatazi kusema kwamba katika ukumbi fulani darasa baada ya darasa wanafunzi wanalalamika hawasikii. Tulipojumlisha majibu ya kozi mbalimbali bila majina ya walimu wala ya kozi, tuliona kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyohesabiwa kuwa udhaifu wa wahadhiri ilikuwa udhaifu wa chuo: kumbi zisizo na vipaza sauti, vipindi vya somo gumu kuwekwa saa ambazo wanafunzi wametoka maabara, kundi la mazoezi lenye watu wengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kusahihisha kwa wakati. Taarifa hizo tulizipeleka kwa utawala kila mwaka. Baadhi zilitekelezwa, nyingine zinangoja bajeti. Mhadhiri aliyekuwa akilaumiwa kwa sauti ndogo alipata kipaza sauti, na lawama ikaisha.

Dodoso la mwisho wa muhula ni habari nyingine, na hapa nina msimamo mkali. Chuo cha umma hulipenda kwa kuwa ni rahisi: namba moja kwa kila mtu, inayoweza kupangwa kutoka juu hadi chini. Mwaka 2015 Lillian MacNell na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwenye kozi ya mtandaoni, ambapo walimu wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alifundisha kundi moja akijitambulisha kwa jinsia yake na jingine akijitambulisha kwa jinsia ya mwenzake. Wanafunzi waliodhani wanafundishwa na mwanamume walitoa alama za juu zaidi, awe nani yule aliyekuwa akiwafundisha. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walirudia kuchambua tafiti za miaka mingi na hawakuona uhusiano wa maana kati ya alama ambazo wanafunzi huwapa walimu na kiasi wanachojifunza. Niliyapeleka matokeo haya kwenye kamati ya vyeo, na mjadala ulikuwa mrefu. Hatukuliondoa dodoso. Tulikubaliana kwamba namba hiyo isisimame peke yake: isomwe pamoja na muhtasari wa kozi, karatasi za mitihani, mifano ya kazi zilizosahihishwa, na ripoti ya wahadhiri wawili wa ngazi ya juu waliokaa darasani kwa kazi hiyo. Hao wawili ni wahukumu, na kila mtu anajua ni wahukumu. Hawatoki kitengoni kwetu, wala sisi hatuoni ripoti yao.

Sasa niseme habari ya muda, maana hapa ndipo vyuo vya umma hujitetea kwamba havina uwezo. Mwanasaikolojia Robert Boice aliwafuatilia wahadhiri wapya kwa miaka, na kitabu chake cha mwaka 1992 kilieleza wazi anachokijua kila aliyepita njia hiyo: wengi wao hutumia muda mwingi mno kuandaa mihadhara, huijaza mambo ili wasikutwe na kosa, na huahirisha kuandika hadi wapate nafasi ambayo haiji. Wachache waliofanikiwa mapema walikuwa na mazoea tofauti. Waliandika kwa vipande vifupi mara kwa mara, walijiwekea kikomo cha maandalizi, na walizungumza na wenzao kuhusu utafiti na ufundishaji.

Kupunguza idadi ya kozi za mhadhiri mpya kunahitaji kuajiri mwingine, na fedha hizo mara nyingi hazipo. Lakini idadi ya kozi na idadi ya maandalizi ni vitu viwili. Mhadhiri mpya akipewa makundi mawili ya kozi moja badala ya kozi mbili tofauti, anasimama darasani saa zilezile ila anaandaa mara moja. Akirudishiwa kozi hiyohiyo mwaka wa pili, maandalizi yanapungua tena. Asiingizwe kwenye kamati yoyote mwaka wa kwanza. Haya yanahitaji utashi wa mkuu wa idara na uvumilivu wa wahadhiri wakongwe waliozoea kuchagua kwanza na kuwaachia wageni mabaki. Nilipokuwa mkuu wa idara nililipigania hilo katika kikao kimoja kizito, na waliolipinga kwa nguvu zaidi walikuwa watu niliowaheshimu sana. Hoja yao ilikuwa kwamba wao waliteseka na wakavuka. Niliwaomba wawakumbuke pia wale walioteseka na wakaacha kazi, maana hao hawakuwa kikaoni kutueleza yao.

Kwa upande wa kuandika, tulianzisha vikundi vya kukaa pamoja asubuhi moja kwa wiki. Kila mtu anasema anakusudia kuandika nini, kisha kimya, kila mmoja na kazi yake. Hakuna anayeombwa kuonyesha alichoandika. Mwishoni kila mtu anataja alikofika. Amidi mmoja aliniuliza kwa nini watu wazima wanahitaji kukaa pamoja kufanya jambo ambalo wangelifanya ofisini mwao. Ofisini mlango unagongwa. Kule hakuna anayegonga, na mtu anagundua kwamba hata profesa aliye kando yake hukaa robo saa akiitazama sentensi moja.

Ulezi wa kitaaluma tuliukuta ukiwa wa kumpangia kila mhadhiri mpya mlezi mmoja, mwandamizi katika idara yake. Kwenye karatasi unapendeza. Tatizo ni lile lile la hukumu: mwandamizi huyo ndiye atakayekaa kwenye kikao cha kumjadili. Basi mhadhiri humweleza yale tu yanayopendeza, na mlezi huondoka akiamini mambo ni shwari. Tulibadilisha utaratibu ili mlezi wa mambo ya ufundishaji na maisha ya kazi atoke kitivo kingine kabisa. Asiyejua lolote kuhusu jiolojia anaweza kumsaidia mwanajiolojia kupanga wiki yake, kukataa kamati ya tatu, na kusoma barua kali ya mhariri wa jarida bila kukata tamaa. Kwa mambo ya somo lenyewe mhadhiri hutafuta mtu wa fani yake, ikiwezekana nje ya chuo. Wanawake wenye watoto wadogo walituomba jambo la ziada, nasi tulilikubali mara moja: mlezi aliyewahi kupitia hali hiyo, na saa za kukutana zisizo za jioni.

Kundi tulilochelewa kulifikia ni la wahadhiri wa mkataba wa muda. Wanafundisha sehemu kubwa ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hawana ofisi, na kila mwisho wa muhula hawajui kama wataitwa tena. Kwao siri ni muhimu zaidi, kwa sababu kuwaondoa hakuhitaji hata kikao. Tumewafungulia kila huduma tuliyo nayo, na tunaomba walipwe kwa saa za mafunzo kama wanavyolipwa kwa saa za darasani. Ombi hilo bado halijapita, na sitaacha kulirudia.

Vigezo vya vyeo lazima niviguse, ingawa haviko mikononi mwa kitengo. Mwaka 1990 Ernest Boyer, akiwa rais wa Carnegie Foundation for the Advancement of Teaching, taasisi ya Marekani ya kuendeleza ufundishaji, alipendekeza kazi ya mwanataaluma itazamwe kwa upana wa mambo manne: kugundua, kuunganisha maarifa, kuyatumia, na kufundisha. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoandaliwa mwaka 2012, lilitaka kazi ya mtu isipimwe kwa hadhi ya jarida ilimochapishwa. Vyuo vingi hunukuu maneno haya katika mipango yao mikakati. Kisha kamati inakaa na kuhesabu makala. Mhadhiri chipukizi hasomi mpango mkakati. Anaangalia nani alipandishwa cheo mwaka jana na kwa kazi gani, na anapanga maisha yake kwa kuangalia hilo. Nisingemlaumu. Kwa sababu hiyo huwa nakataa kuendesha warsha ya ufundishaji bora katika kitivo ambacho kamati yake haijakubali kusoma hata muhtasari mmoja wa kozi.

Na kuna kiwango ambacho mtu mmojammoja hawezi kukivuka akiwa peke yake. Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2001, alianzisha mpango wa kuboresha ufundishaji wa sayansi katika vyuo viwili vya umma, Colorado na British Columbia, na fedha zilielekezwa kwa idara. Wataalamu wa ufundishaji waliwekwa ndani ya idara, wakafanya kazi na walimu wa kozi bega kwa bega. Kwamba namna ya kufundisha ina uzito halina ubishi tena: uchambuzi wa tafiti 225 uliochapishwa mwaka 2014 na Scott Freeman na wenzake ulionyesha kwamba katika sayansi, uhandisi na hisabati, wanafunzi wanaosikiliza mihadhara mitupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale wanaoshirikishwa darasani. Lakini mhadhiri mmoja akibadilika na idara ikabaki ilivyo, mwaka unaofuata kozi itapewa mwingine na kila kitu kitarudi kilikokuwa. Sasa tunaanza na kozi badala ya mtu. Tunawaita wote wanaoifundisha kwa zamu, wakubaliane mwanafunzi aweze kufanya nini akimaliza, wagawane maswali na mazoezi, na nyaraka zibaki idarani.

Ninakosumbuka zaidi siku hizi ni kwa wahadhiri wa katikati. Huyu amethibitishwa, amepanda mara moja au mbili, anaongoza kamati, anasimamia wanafunzi wengi kuliko mtu yeyote, na utafiti wake umesimama. Hakuna warsha ya kumhusu, kwa sababu kila mtu anadhani amekwisha kufika. Tumeanza kumwalika kwa mazungumzo marefu na mtu wa nje ya kitivo chake, swali likiwa moja: katika miaka iliyobaki unataka kufanya kazi gani? Wengine wamelia. Si kwa huzuni tu. Walisema hakuna aliyewahi kuwauliza tangu waajiriwe.

Jibu lao mara nyingi ni likizo ya utafiti. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linaitaja likizo hiyo, kwa vipindi vinavyojirudia, na kanuni za vyuo vingi vya umma zinayo. Inayokosekana ni nafasi ya kuondoka, maana kozi zitabaki na nani? Tumeziomba idara zipange likizo miaka kadhaa mbele, mtu mmoja kwa zamu, na kozi za hiari zifundishwe kwa kupishana mwaka hadi mwaka ili mwenye kozi akiondoka isilazimike kutafutiwa mtu. Idara chache zimekwisha kupitisha ratiba hizo. Watakaotangulia wanaondoka mwaka ujao wa masomo, na kwa sasa tunawafuata wakuu wa idara zilizobaki, mmoja baada ya mwingine, tukiwa na ratiba za wenzao mkononi.